Kabichi za Lukozi na Gauni la Yudith

Kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni nilikofanya kazi miaka kumi na tisa, Jumamosi ilikuwa siku ya matambara. Akina mama wa usharika walileta nguo kuukuu, nasi tukazikata vipande vya kufutia wino kwenye mashine. Ukitaka kujua nani kanenepa, nani kakonda na nani kagombana na mumewe mpaka shati likapasuka, kaa mlangoni pale Jumamosi. Kazi ya kupokea ilikuwa yangu mimi, Filomena, mshonaji wa vitabu, Mkatoliki pekee katika nyumba nzima ya Walutheri. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza nimeyajuaje ninayoyasimulia.

Ninayetaka kumsimulia ni Nathanaeli. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa: picha ikae wapi, maneno yakae wapi, nafasi ibaki wapi ili jicho lipumue. Alikuwa mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja, na rula ya mbao haikumtoka mfukoni hata kanisani. Alikuwa mtaratibu kupita kiasi. Chai yake ilipoa akiwa bado anakoroga. Nilimtania kwamba siku ya kiyama malaika watapiga tarumbeta naye atawaambia wangoje kidogo, pambizo la kushoto halijakaa sawa.

Hakuwa na mke. Watu walidhani ni baridi ya milimani imemwingia moyoni, lakini mimi ni mzaliwa wa Mgwashi, na mambo ya Mgwashi hayanipiti. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, Nathanaeli alimtuma mjomba wake kwenda kwetu kumposa Yudith. Mvua zilikuwa zimekata barabara. Mjomba akakaa Bumbuli siku nne akingoja maji yapungue. Alipofika kwa kina Yudith akakuta wazee wa upande wa Danieli wameshakula na kunawa mikono. Danieli huyo alikuwa rafiki wa Nathanaeli, walisoma dawati moja shule ya kati, na hakujua kwamba mwenzake naye alikuwa njiani. Nathanaeli hakumwambia. Alikwenda harusini, akabeba zawadi, akacheza na wenzake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye lilimuuma maisha yake yote.

Danieli alimleta Yudith kwao, kijiji cha chini ya kiwanda chetu, kwenye nyumba ya nyasi karibu na mama yake. Mwaka 1965 akaondoka kwenda Tanga, kutoka Tanga akaenda Mombasa, akapata kazi kwenye meli za mizigo. Aliapa atarudi na mabati ya kuezekea nyumba. Mwaka wa pili alituma gauni jekundu na kilemba cha kitambaa hichohicho, pamoja na barua fupi: Nitunzie mpaka nirudi. Baada ya hapo, kimya. Wanaume wetu wakikosa bati huona aibu kuleta hata mwili wao.

Yudith akabaki analima, anauza matunda sokoni Lushoto, anamtunza mama mkwe. Kila Jumapili alikaa benchi la nne upande wa wanawake. Niliambiwa na Walutheri wenyewe kwamba Nathanaeli alikaa benchi la sita upande wa pili, na kwamba mahubiri aliyasikia nusu.

Basi mwaka 1973 akaja Ndugu Timotheo kutoka wilayani. Wilaya ilitaka kijitabu cha picha cha kuwaonyesha wageni milima yetu, kiwekwe kwenye mahoteli, kwenye ofisi za bandari, kwenye meli zinazopita Tanga na Mombasa. Nakala elfu mbili. Mpiga picha mmoja wa Tanga, jina lake Thomas, alikuwa amekodiwa azunguke wiki nzima na filamu za rangi.

Habari ya meli ilimfikia Yudith sokoni. Thomas alipofika pale siku ya soko, wanawake wengine wote walikuwa na kanga na kaniki zao za kazini, yeye yuko katikati ya vikapu vya pichesi na plamsi amevaa gauni jekundu na kilemba chake, kama bibi harusi aliyekosea njia. Walimcheka mpaka wakachoka. Thomas hakucheka, akapiga picha tatu.

Kesho yake Yudith alipanda kiwandani. Nilikuwa mlangoni nakunja karatasi.

"Onga mshi, shemeji," alimsalimu Nathanaeli. Alimwita shemeji siku zote, kwa sababu ya Danieli. Sijui kama kuna neno lililowahi kumchoma mtu kwa upole namna ile.

Nathanaeli akasimama, rula ikamwanguka. "Habari za nyumbani?"

"Njema. Shemeji, nimekuja na ombi. Nimepigwa picha na yule bwana wa Tanga. Wanasema kitabu kitaingia melini. Danieli yumo kwenye meli, hatujui ipi. Akiliona gauni lake atajua kwamba nipo na kwamba bado namngoja. Sitaki kingine. Mabati aache hukohuko, arudi tu."

"Nitaangalia picha zikija," Nathanaeli alisema.

"Usiangalie tu. Niweke."

"Nitakuweka, Yudith."

Akashukuru, akaacha kikapu cha plamsi mezani, akateremka. Nathanaeli hakula hata moja. Tulikula sisi.

Picha zikaja baada ya mwezi na nusu, zote za rangi, zimesafishwa mbali huko. Tuliacha kazi tukazizunguka. Tulikuwa tumezoea dunia ya karatasi kuwa ya kijivu, sasa tunaiona chai ya Bumbuli ilivyo, kijani hata ulimi unaisikia. Na Yudith yumo, gauni linawaka katikati ya soko, macho yameitazama kamera wala hayakuitazama. Yalimtazama mtu aliye nyuma yake, mbali sana.

Ila kulikuwa na shida. Kurasa za rangi hatukuweza kuchapa wenyewe. Zilipelekwa Dar es Salaam, na kijitabu kilikuwa na fungu la kurasa nne tu za rangi. Nyingine ishirini zingechapwa kwetu kwa wino mweusi. Ilibidi mtu achague picha nne zibaki na rangi, zilizobaki zivuliwe rangi.

"Chagua wewe," Ndugu Timotheo alimwambia Nathanaeli mbele yetu sote. "Wewe ndiye fundi. Mimi nikichagua nitaweka trekta kurasa zote nne."

Nathanaeli akazipanga picha juu ya meza siku mbili. Mimi nilimletea chai ili nichungulie. Alinifundisha, maana alipenda kufundisha, na nakubali kwamba alilijua jambo lake.

"Maporomoko ya Soni hayahitaji rangi," alisema. "Maji meupe, mwamba mweusi. Ukiyapa rangi yanakuwa ya kawaida. Chai inahitaji. Genge la Irente linahitaji, maana ukilivua, tambarare ya chini inageuka vumbi, hujui wapi nchi inaishia na wapi mbingu inaanza. Yale maua madogo ya zambarau ya msituni, bila rangi ni majani tu."

"Hizo tatu," nikasema. "Na ya nne?"

Mbele yake zilibaki mbili: Yudith sokoni, na shamba la kabichi la kijiji cha ujamaa huko Lukozi, mistari ya kabichi inateremka mlima mpaka chini.

"Picha yenye uso wa mtu ina nguvu yake yenyewe," alisema taratibu, haniangalii. "Inaweza kusimama nyeusi na nyeupe. Picha isiyo na uso ndiyo inayoomba rangi. Hiyo ndiyo kanuni."

"Lakini alikuomba lile gauni lionekane."

"Litaonekana. Si nitamweka ukurasa mzima? Siasa ni kilimo, Filomena. Tukiziacha kabichi wilaya itatuuliza."

Wilaya haikuwa imeuliza kitu. Wilaya ilikuwa imesema chagua wewe. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini yeye alikuwa mkubwa kwangu kazini, na nilidhani rangi moja haitavunja nyumba ya mtu. Kabichi za Lukozi zikaenda Dar es Salaam. Yudith akapelekwa chumba cha giza.

Sasa, jambo hili ni la kiwanda, nalieleza kama nilivyoelezwa. Filamu ya kamera yetu kubwa ilikuwa haiioni nyekundu. Ndiyo maana mle chumbani waliwasha taa nyekundu usiku na mchana, na filamu haikuungua. Kwa filamu ile nyekundu ni giza. Kitu chekundu ukikipiga kwayo kinatoka cheusi kama masizi ya chungu. Karatasi za kwanza zilipotoka mashineni nikaletewa nizikunje, nikauona ukurasa wa kumi na moja, mikono yangu ikasimama. Yudith alikuwa mweusi tii, kilemba mpaka pindo. Kwetu mjane huvaa hivyo mwaka mzima. Nilimwona mwanamke amefiwa, ameketi sokoni na matunda yake, anatazama mbali.

Nikaenda kwa Nathanaeli, nikamwekea karatasi mezani. "Kaka, huyu amekuwa mjane."

Akaipeleka kwenye mwanga. "Wino umekolea," alisema. "Tutaupunguza." Na kweli walipunguza, na gauni likabaki jeusi, uso tu ndio uliofifia.

Nilishona nakala elfu mbili kwa mkono wangu. Siku ya mwisho nilipoingia chumbani kwake kuchukua rula nilimkuta ameinama juu ya nakala moja, ana brashi ya nywele chache na chupa ndogo za rangi, zile walizotumia mafundi wa studio kupaka mashavu ya maharusi. Ameiweka picha ya Thomas pembeni, anaitazama, anachovya, anapaka. Gauni lilikuwa linarudi jekundu, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Hata upana wa ukucha hakukosea. Sijawahi kuona mwanamume akimshika mwanamke kwa upole namna ile, na huyo hakuwa mwanamke, ilikuwa karatasi.

"Hii umpelekee yeye," alisema.

"Na nyingine?"

Akaanza kufunga chupa zake. Nikaichukua. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, na nimeipeleka kwa padri mara mbili. Niliteremka mpaka kwa Yudith, nikampa, akafungua ukurasa wa kumi na moja, akakaa chini kwenye kizingiti. Alicheka na kulia kwa pamoja. Akamwita mama mkwe, mzee wa watu akasogeza kitabu puani, maana macho yalikuwa yameisha, akasema, "Ataliona. Lazima alitambue, alilinunua mwenyewe." Wakaniandalia bada, ugali wetu wa muhogo, na maharage. Nikala. Nilikaa kwenye kigoda cha nyumba ile nikijua kwamba kitabu chekundu kilikuwa kimoja duniani, nikala nikashiba.

Miaka mitatu Yudith alingoja kwa namna mpya. Kabla yake alingoja kama mtu aliyezoea. Sasa alingoja kama mtu aliyetuma barua. Basi la Tanga likilia kona ya chini, aliacha jembe akasimama. Alikata nyasi akaziba paa linapovuja, akapaka kuta chokaa nyeupe. Nathanaeli naye alimtazama dirishani akipita na vikapu vyake. Aliwahi kuniambia, bila mimi kuuliza, "Akikata tamaa siku moja, nitamtuma mjomba tena." Mjomba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na Nathanaeli mwenyewe alilia kaburini, lakini alisema hivyo. Nikaona huruma, nikaona na hasira. Anamngoja anayemngoja mwingine, na yeye mwenyewe ndiye aliyefunga njia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na shemeji yake Yudith alikuwa karibu kuliko nguo.

Mwaka 1976, siku ya Jumamosi, nilikuwa na rundo la matambara mlangoni. Yudith akaja hana kitu cha kutupa. Mkononi ana bahasha na kile kitabu chake. Hakunisalimu, nami nikajua. Akaingia moja kwa moja mpaka meza ya Nathanaeli. Nikamfuata nikasimama mlangoni.

"Danieli amefariki," alisema. "Hospitali ya Mombasa. Mapafu. Mwenzake wa melini ameandika."

"Pole, Yudith. Pole sana."

"Bado. Sikiliza." Akaifungua barua, lakini hakuisoma, alikuwa ameishika moyoni. "Anasema Danieli alikuwa ameshanunua mabati ishirini na nne. Aliyaweka kwa mtu Mombasa, angerudi nayo Krismasi ya mwaka sabini na tatu. Mwezi wa kumi na moja akakuta kitabu cha kwetu bandarini. Akakitazama siku nzima. Halafu akayauza mabati."

Akatoa ndani ya bahasha karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imechakaa mpaka inataka kuachana. Ulikuwa ukurasa wa kumi na moja. Akaitandaza mezani, na kando yake akafungua kitabu chake, ukurasa uleule. Mwanamke mmoja mwekundu, mwanamke mmoja mweusi. Pembeni ya yule mweusi kulikuwa na maneno ya penseli, mwandiko wa shule ya kati, ambao Nathanaeli aliujua kuliko sisi wote. *Wameshanilia matanga. Nisiwasumbue tena.*

"Changu ni chekundu," Yudith alisema. "Yeye aliona kipi?"

Nathanaeli akaiweka rula yake kando ya zile kurasa mbili.

"Vyote viko hivyo," Nathanaeli alisema. "Hicho chako nilikipaka."

"Nani alichagua?"

"Mimi."

"Ya rangi ilikuwa ipi badala yangu?"

"Kabichi. Za Lukozi."

Yudith akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea chenji. "Shemeji, nitakuuliza moja, na ukinidanganya Mungu anakuona. Kabla hujaipeleka kwenye kamera, ulijua kwamba nyekundu itatoka nyeusi?"

Nilitamani aseme hakujua. Nilikuwa tayari kumsaidia kusema uongo, niape na mimi kwamba ilikuwa ajali ya kiwanda, filamu mbovu, wino. Lakini mtu aliyekaa miaka kumi na tano kwenye taa nyekundu angesema nini?

"Nilijua," alisema.

Kanuni ya nyuso hakuitaja. Yudith akaikunja ile karatasi ya Danieli, akairudisha kwenye bahasha. Kitabu chekundu akakiacha mezani kikiwa wazi. Alipopita kwangu alisimama. "Na wewe ulikula bada yangu," aliniambia, akaenda zake.

Alivaa nyeusi mwaka mzima. Alipita chini ya dirisha letu na vikapu vyake, kilemba mpaka pindo, na kila aliyekuwa na kile kijitabu nyumbani angeweza kusema picha ilipigwa siku hiyo. Nathanaeli akahamisha meza yake akaipa dirisha kisogo.

Mwaka ulipoisha, Jumamosi moja, Yudith akaja mlangoni na furushi dogo. Alikuwa na kanga ya kawaida. Akanisalimu, na salamu ile niliipokea kama mgonjwa anavyopokea maji. Nikafungua furushi. Lilikuwa gauni jekundu na kilemba chake, vimefuliwa na kupigwa pasi.

"Kitambaa kizuri," alisema. "Kinanyonya. Mfutie wino."

"Yudith, hili..."

"Mpe yeye alikate."

Nikampelekea. Nilidhani atalificha, atalipeleka nyumbani, atalilalia. Kumbe sikumjua. Alilitandaza mezani, akachukua rula na mkasi, akalikata vipande vya mraba vilivyolingana, kama alivyofanya kila kitu. Wiki tatu alifuta wino kwa mkono wake, hakumruhusu mtu mwingine avishike, mpaka vyote vikawa vyeusi, akavitia motoni. Aliagizwa afute wino, akafuta.

Kimoja niliiba mimi. Nilikiweka kwenye kitabu changu cha sala miaka saba, nikisema siku moja nitampa Nathanaeli, kisha nikisema sitampa. Siku aliyostaafu, watu walipokwisha kula na kuondoka, tulibaki wawili kufunga milango. Yudith alikuwa bado hai, bado anauza plamsi, hakuolewa tena. Kila mtu aliyeaga siku ile alimtakia Nathanaeli mapumziko mema, naye alikuwa amechungulia mlangoni kila viatu viliposikika.

Nikakitoa kile kitambaa, nikampa. Hakuuliza nimekipata wapi. Akaenda kwenye chumba chake cha zamani, akakitoa kile kijitabu alichokipaka rangi, ambacho Yudith alikiacha, kwenye mtoto wa meza, kilikuwepo miaka yote hiyo, akakifungua ukurasa wa kumi na moja, akaviweka pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hata hii moja, Filomena," alisema. "Sikuipata rangi yake."

Akanirudishia kitambaa changu, akachukua koti, tukafunga mlango.